Upande wa Nyumba na Upande wa Barabara: Habari za Vioo vya Taa za Mijini

Mezani pangu pana bakuli la kioo ambalo halijapata kutiwa chakula. Ni zito, na kwa nje ni laini kabisa. Lakini kwa ndani limejaa migongo midogo midogo iliyopangwa kama matuta ya shamba la viazi. Wageni wanaonizuru ofisini hudhani ni chombo cha matunda. Nalilinunua katika soko la vitu vikuukuu nchini Marekani, nilipokuwa huko kwa masomo, kwa fedha isiyotosha chakula cha siku mbili. Mwuzaji alinieleza kwamba ni kioo cha taa ya barabarani. Nilipomwuliza taa hiyo ilisimama katika mji gani na barabara gani, alinitazama kama mchinjaji aliyeulizwa jina la babu wa ng'ombe ambaye nyama yake iko mizanini.

Swali lile nililiuliza bila kufikiri sana, lakini ndilo lililonipeleka kutafuta habari za taa hizi na za watu wazikusanyao. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuona kwamba historia ya taa za mijini, kama iandikwavyo kwa kawaida, hukaa upande mmoja. Waandishi hutueleza ni kitu gani kilichowaka: mshumaa, kisha mafuta, kisha gesi, kisha umeme. Ni mara chache wanapouliza nuru ile ilielekezwa kwa nani. Na jibu la swali hilo halimo katika utambi wala katika waya, bali limo katika kioo.

Kwa muda mrefu kioo cha taa kilikuwa ukuta tu. Paris ilipotiwa taa katika enzi ya Mfalme Louis wa 14, mwaka 1667, aliyekabidhiwa kazi hiyo alikuwa La Reynie, mkuu wa polisi wa mji, na jambo hilo peke yake latosha kutuonyesha ni nani aliyeitaka nuru. Taa zenyewe zilikuwa visanduku vya kioo vyenye mshumaa ndani, vilivyoning'inizwa kwa kamba katikati ya njia. Kioo kilizuia upepo na mvua, wala hakikufanya zaidi ya hayo. Raia hawakukosa kutambua kwamba taa ilikuwa jicho la serikali. Mapinduzi yalipozuka mwaka 1789, nguzo na kamba za taa ndizo zilizotumiwa kunyongea baadhi ya wakubwa waliochukiwa. Na katika vita vya mitaani vya Julai 1830 watu walizivunja taa ili askari wapotee gizani.

Gesi haikubadili kazi ya kioo. Frederick Winsor aliiwasha katika barabara ya Pall Mall mjini London mwaka 1807, na mwaka 1826 kampuni ya Waingereza iliiwasha katika Unter den Linden mjini Berlin. Ndimi za moto zikawa kubwa kuliko za mshumaa, lakini vioo vilivyozizunguka vilikuwa bado vipande bapa kama vya dirisha. Mabadiliko makubwa ya gesi yalikuja kwa mkemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach. Mwaka 1885 alipata hataza ya kifuko cha nyuzi kinachong'aa kikipashwa moto, na mwaka 1891 alikitengeneza upya kwa mchanganyiko wa oksidi ya thoriamu, sehemu 99 katika 100, na ya seriamu, sehemu moja. Msomaji aliyekulia mahali ambapo arusi na maulidi yaliangazwa kwa karabai amekwisha kukiona kifuko hicho kwa macho yake. Kile kijifuko cheupe kilichokuwa kikivunjika kwa kuguswa tu, nasi watoto tukapigwa makofi kwa ajili yake, ni mjukuu halali wa kazi ya Welsbach.

Umeme ulipoingia, mwanzo wake ulikuwa mkali mno. Charles Brush aliwasha taa za cheche katika uwanja wa katikati ya mji wa Cleveland tarehe 29 Aprili 1879, na nuru yake ilikuwa kali hata ikawa haifai kuwekwa karibu na macho ya watu. Kwa hiyo miji mingine ya Marekani ikaona ni heri kuipandisha juu. Mji wa Austin, Texas, ulisimamisha minara 31 ya chuma mwaka 1895, kila mmoja wenye kimo cha mita 50 hivi, taa zake zikimwaga nuru juu ya mapaa, nyua, miti na njia bila kuchagua. Watu waliiita minara ya mbalamwezi, na jina hilo liliistahili, kwa maana mwezi nao hauna upande. Baadhi ya minara hiyo ingali imesimama, na tangu 1976 imo katika orodha ya taifa ya mahali pa historia. Naitaja hapa kwa sababu ni mfano wa mwisho ulio mkubwa wa taa isiyouliza ni nani aangaziwe. Baada yake kioo kilianza kuchagua.

Ufunguo ulikuwa umekwisha kupatikana baharini. Mwaka 1822 Mfaransa Augustin Fresnel alionyesha kwamba lenzi kubwa haihitaji unene wake wote: yatosha kuhifadhi pembe za uso wake, katika miviringo iliyopangwa mmoja nje ya mwingine, na uzito wa katikati ukaachwa. Mwaka uliofuata lenzi yake iliwekwa katika mnara wa Cordouan kuongozea vyombo. Ilipita miaka 70 kabla ya maarifa hayo kuteremka kutoka pwani kuja barabarani. Mwaka 1893 mwanafizikia André Blondel, yule yule aliyependekeza kipimo cha nuru kiitwacho lumeni, pamoja na mhandisi Mgiriki Spiridion Psaroudaki, walibuni kioo cha taa chenye migongo ndani na nje. Migongo mingine hutawanya nuru, mingine huipinda ielekee inakotakiwa. Mmarekani Otis Mygatt alinunua haki za uvumbuzi huo, akaanzisha kampuni iliyoitwa Holophane. Na huko Newark, Ohio, vioo vyake vilisubiwa katika kiwanda cha Heisey, kilichojulikana pia kwa bilauri na mabakuli ya mezani. Basi wageni wangu wanaodhani bakuli langu ni la matunda hawakukosea sana.

Niruhusiwe neno moja la lugha, maana ndiyo kazi yangu. Holophane ni jina lililoundwa kwa Kigiriki, kwa maneno yenye maana ya kitu kizima na ya kung'aa au kuonekana. Kutoka shina hilo hilo la kung'aa Wagiriki walipata neno phanos, taa ya kuchukuliwa. Waarabu wakalichukua wakasema fanusi. Nasi tukalipokea kutoka kwao. Kandili nayo ilisafiri njia ya jirani, ikianzia kwa Walatini. Hivyo mtu wa pwani asemapo fanusi, na mhandisi wa Ohio asemapo Holophane, wanasema maneno mawili ya ukoo mmoja bila ya kujuana.

Sasa turudi kwenye kioo. Taa iliyo tupu juu ya nguzo hufanya kosa la namna mbili. Sehemu kubwa ya nuru yake hupotea angani, na sehemu inayoshuka hujikusanya chini ya nguzo. Mtu akienda umbali mara mbili kutoka kwenye taa, nuru inayomfikia si nusu bali ni robo, na bado huanguka kwa mshazari. Kwa hiyo barabara huwa kama ngozi ya chui: duara la nuru, duara la giza, na tena nuru. Kioo cha migongo hutibu jambo hilo. Migongo iliyolala huchukua nuru ipandayo na ile iangukayo mguuni pa nguzo, huipinda na kuirusha mbali, kidogo tu chini ya usawa wa taa yenyewe, ili ifike kati ya nguzo na nguzo. Migongo iliyosimama huizungusha nuru ile ifuate urefu wa njia, isiende ubavuni. Mafundi waliona kwamba migongo ikiwa nje hushika vumbi na masizi. Wakatengeneza vioo viwili, kimoja ndani ya kingine, migongo ya vyote ikitazamana katikati, na pande za kufutwa zikabaki laini. Kwa kweli ni kazi ya akili nzuri sana, na yeyote aliyewahi kusafisha chemni ya kandili kwa kitambaa na majivu ataiheshimu.

Lakini kioo kinachoweza kuipeleka nuru huku kinaweza pia kuinyima kule, na hapo ndipo mambo yanapoanza kuwa ya historia, si ya fizikia tu. Mafundi wa taa nchini Marekani waligawa mazingira ya kila nguzo katika pande mbili, wakaziita upande wa barabara na upande wa nyumba, na mgawanyo huo ungali katika vitabu vyao. Baadhi ya vioo vya zamani vina alama iliyosubiwa ndani ya kioo chenyewe kumwonyesha fundi aliye juu ya ngazi upande upi uelekee wapi. Bakuli langu lina alama hiyo. Yaani kabla taa haijawashwa usiku wa kwanza, mtu fulani kiwandani alikuwa amekwisha kukata shauri kwamba mwenye gari atapata kiasi gani, na mwenye kibaraza atapata kiasi gani.

Tukivipanga vioo kwa miaka yake, shauri hilo laonekana likibadilika. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 taa za fahari za miji ya Marekani zilikuwa tufe za kioo cheupe kama maziwa, moja au nyingi juu ya nguzo moja. Broadway ya Los Angeles ilitiwa taa za namna hiyo mwaka 1905 kwa juhudi za wafanya biashara wenyewe, na sababu yao haikufichika: walitaka watu watembee usiku, watazame madirisha ya maduka, wanunue. Tufe halina upande. Humulika uso wa mpita njia, ukuta wa duka, hata dirisha la ghorofa ya juu. Katika mji ule desturi ya wenye viwanja kulipia taa za mitaa yao ilileta nguzo za aina nyingi mno, zaidi ya 400 kwa hesabu ya mji, kila mtaa ukijipamba kwa namna yake.

Kisha gari likatawala. Nguzo zikarefuka, mikono ya kushikia taa ikanyoshwa hadi juu ya njia yenyewe, tufe likaacha nafasi kwa bakuli la migongo. Taa za sodiamu, zenye nuru ya manjano isiyoonyesha rangi nyingine yoyote, ziliwekwa barabarani mwaka 1932 huko Uholanzi, na mwaka huo huo Croydon, Uingereza. Uso wa mtu chini yake ni kama uso wa maiti, lakini barabara yaonekana sawasawa, na kwa waliozichagua hilo lilitosha. Kufika miaka ya 1950, kichwa cha taa cha Marekani kilikuwa mfano wa nyoka aliyeinamisha kichwa, zebaki ikiwaka ndani yake na bakuli la kioo likitokeza chini kama kidevu. Mtembea kwa miguu hakuondolewa kwa sheria wala kwa tangazo. Aliondolewa na kioo, nyuzi chache za pembe kwa wakati. Sijui hati yoyote ya serikali inayolieleza jambo hili kwa uwazi kuliko rafu moja ya vioo hivyo vilivyopangwa kwa miaka.

Na rafu hizo zimo majumbani mwa watu. Wakusanyaji wa taa wengi wao si matajiri wala wanazuoni. Wapo mafundi wa umeme, wapo waliopanda nguzo kwa mshahara na sasa wamestaafu, wapo wengi wanaosema kwamba yote yalianza na taa iliyokuwa nje ya dirisha walimolala utotoni. Huvipata vitu vyao katika ua za halmashauri, kwa wauza vyuma chakavu, na kwa kuwahi chini ya nguzo siku inapong'olewa. Huvijua vioo kwa kidole: huupapasa mgongo, wakatambua kiwanda na pengine mwongo. Huijua hata rangi. Watengenezaji wa zamani walitia manganisi katika kioo ili kuondoa ukijani utokanao na chuma kilichomo mchangani. Lakini kioo cha namna hiyo kikikaa juani miaka mingi hugeuka zambarau taratibu. Kioo cha zambarau basi ni shahidi wa jua lililokipiga. Wapo walaghai wanaovipitisha vioo safi katika mionzi ili vipate rangi hiyo kwa siku chache, na wakusanyaji huwachukia kama sisi tunavyomchukia mtu aghushiye hati ya kale.

Kazi ngumu zaidi ni kuziwasha. Taa nyingi za barabarani za Marekani ziliunganishwa zote katika waya mmoja, kama shanga katika uzi, na umeme wa ampea 6.6 usiobadilika ukapita katika kila moja kwa zamu. Kwa mpango huo taa moja ikifa zote zingezimika. Ili kulizuia hilo kila kichwa kilitiwa kisahani chembamba chenye utando: taa ikikatika, nguvu ya volti hutoboa utando, umeme ukapata njia ya mkato, na nyingine zikaendelea kuwaka. Visahani hivyo, visivyofikia ukubwa wa sarafu kubwa, havina uzuri wowote wa kutazamwa. Wakusanyaji huvihifadhi katika bahasha zao kwa sababu bila hivyo hakuna awezaye kuelewa jinsi mji mzima ulivyowaka kwa waya mmoja. Nimesoma vitabu vinene vya historia ya miji visivyotaja hata mara moja mpango huo.

Mkusanyaji aliyepata sifa kuliko wote ni msanii Chris Burden. Mwezi wa Desemba 2000 alinunua nguzo mbili za chuma cha kusubu katika soko la vitu vikuukuu la Rose Bowl, Pasadena, kisha hakuweza kuacha. Mwaka 2008 nguzo 202 za miaka ya 1920 na 1930, nyingi zikitoka kusini mwa California, zilisimamishwa kwa safu mbele ya jumba la sanaa la wilaya ya Los Angeles, zikaitwa kwa jina la nuru ya mji. Ni mandhari nzuri. Wachumba hupigwa picha pale, na mimi nami nilipigwa. Lakini nguzo zote zimesuguliwa zikapakwa rangi moja ya kijivu, zikapangwa kwa kimo na umbo. Kama sanaa sina neno. Kama historia nasikitika, kwa maana rangi za mitaa zimekwenda, na mtazamaji hawezi kujua ipi iliangaza makao ya matajiri na ipi iliangaza njia ya wafanya kazi. Nguzo zilizokuwa zikibishana sasa zinaimba sauti moja. Namstahi zaidi yule fundi mstaafu mwenye vichwa 30 vyenye kutu karakanani, kila kimoja kikiwa na kikaratasi kilichofungwa kwa uzi: barabara fulani, pembeni mwa njia fulani, kilishushwa tarehe fulani.

Ulaya nako pamekuwa na mvutano wa aina hiyo. Berlin ilifungua mwaka 1978 makumbusho ya taa za gesi yasiyo na paa wala mlango, katika bustani ya Tiergarten, taa 90 hivi za miji mbalimbali zikiwaka kando ya vijia ambamo watu walitembea. Fikira nzuri, lakini wavunja vioo hawakuwa na huruma nazo. London, halmashauri ya Westminster ilipotangaza mwaka 2021 kwamba mamia ya taa zake za gesi yatageuzwa kuwa ya umeme, wakazi walisimama kuzitetea, na baadhi yake zikapata ulinzi wa sheria.

Kinachozidi kuyapa mambo haya uzito ni taa za LED. Los Angeles ilianza kuzibadili taa zake mwaka 2009, 140,000 katika awamu ya kwanza, na miji ya dunia ikafuata. Sababu zake ni njema: umeme kidogo, matengenezo machache. Mimi si mmoja wa wale wanaolilia kila chombo kizee. Lakini katika taa mpya kila punje ya nuru ina kijilenzi chake cha plastiki, na kichwa kizima kikiharibika hutupwa kizima. Vichwa vya zamani hushushwa kwa maelfu katika majuma machache, alumini ikapelekwa kuyeyushwa, na kioo, ambacho mnunuzi wa chuma hana haja nacho, huvunjwa kwa nyundo ili kuokoa muda. Kiwanda cha mwisho kikubwa cha taa za sodiamu ya manjano kilikoma kuzitengeneza mwishoni mwa 2019. Hakuna wizara iliyoamuru ushahidi huu upotezwe. Haukuwa katika daftari la mtu yeyote, basi.

Nyumbani hali haikutofautiana. Katika mji mmoja wa pwani niliwahi kuona lundo la vichwa vya taa nyuma ya bohari, vioo vyake vimejaa maji ya mvua na viluwiluwi. Nilimwuliza mlinzi kama naweza kuchukua kimoja. Akaniambia, "Mwalimu, mpaka barua." Barua niliandika. Ilipojibiwa, na ikajibiwa kwa adabu, lundo lilikuwa limekwisha kuuzwa kwa kilo. Zilitoka mitaa gani, ya mjini kati au ya ng'ambo, ya wakubwa au ya wavuvi, na vioo vyake viligeuzwa kuelekea wapi, sikupata wa kuniambia.

Bakuli langu la Marekani nimelifungia kikaratasi kwa uzi, kwa kufuata desturi ya wale mafundi. Nimeandika kwamba ni vioo viwili vilivyoshikana, migongo ndani. Kwamba lina zambarau hafifu upande mmoja, na upande huo sio wenye alama ya nyumba. Kwamba lilinunuliwa sokoni katika sanduku lenye mengine kama 40 yaliyofungwa kwa magazeti. Mahali pa jina la barabara nimepaacha wazi.